Mshona rida wa Mji wa Kale anayeusaka ushindi mmoja

Saa saba na dakika tano mchana, cherehani ya Zahabiya Adamji inanyamaza. Anainua mguu wa mashine, anavuta kitambaa cha kijani na kukata uzi kwa meno, jambo ambalo dada yake amemkataza kwa miaka thelathini na mitatu.

Ameshaswali. Ameshakula pia, tena mbio mbio, kwenye sinia moja na dada huyo, Hussaina, wakianza kwa kuonja chumvi kama walivyolelewa. Sasa anaifunika mashine kwa shuka, anatia daftari la vipimo mkobani, na kutoka.

Ukimwona anavyokata vichochoro vya Mji wa Kale, rida yake ya zambarau ikipepea nyuma, utadhani kuna mgonjwa nyumbani. Hakuna mgonjwa. Zahabiya, mwenye umri wa miaka arubaini na sita, mama wa mabinti wawili walioolewa, anakwenda kupigana.

Nyuma ya Marikiti anawapisha hamali wenye mkokoteni wa vitunguu, kisha anapanda ngazi za mbao juu ya duka la viungo. Huko ndiko kwenye chumba cha michezo ya video cha Nekesa: skrini nane, viti kumi na viwili, feni mbili, na harufu ya bizari inayopanda kutoka chini na kuwapigisha chafya wachezaji katikati ya vita.

"Fundi," Nekesa anamsalimu bila kugeuka. "Kiti chako kipo."

Mchezo wenyewe ni wa watu wawili. Kila mmoja anashika pedi ya vitufe mkononi na kumwongoza mpiganaji wake kwenye skrini. Juu kuna mistari miwili ya uhai, na kila pigo linaufupisha mmojawapo. Mstari wako ukiisha, umepoteza raundi. Anayechukua raundi mbili kati ya tatu ndiye mwenye mechi.

Mpiganaji wa Zahabiya ni mwanamke mrefu mwenye fimbo, ambaye chumbani humo wamembandika jina la Bi Fimbo. Kwa mkono wa fundi huyu, Bi Fimbo amekula kichapo mara mia mbili na kumi na mbili. Hesabu hiyo si ya kukisia, maana kila kipigo kimeandikwa daftarini.

Katika mashindano ya mwisho wa mwezi, ambako watu kumi na sita hutoana jasho hadi abaki mmoja, Zahabiya ameingia mara nne. Mara zote nne ametolewa kwenye mechi ya kwanza. Hajashinda hata moja, na Jumamosi hii ndiyo nafasi yake ya mwisho.

Aliyeiita ya mwisho ni Hussaina. Dada huyu mwenye umri wa miaka hamsini na nne ndiye nguzo ya duka lao la kushona rida, lile vazi la vipande viwili la wanawake wa Kibohora. Rida ya kawaida huwachukua siku mbili, kwa ujira wa shilingi elfu mbili na mia tano. Zamani walishona arubaini kwa mwezi. Sasa wateja wengi huagiza zilizo tayari kutoka India kwa simu zao, na duka likipata kumi na nane kwa mwezi wanashukuru.

Ndiyo maana, msimu wa harusi unapokaribia na maagizo kuanza kujaa, Hussaina haoni sababu ya mashine moja kulala chini ya shuka saa nzima na nusu kila mchana.

Walipatana wakiwa kwenye sinia. Zahabiya akishinda mechi moja ya mashindano, moja tu, saa yake ya mchana ni yake na hakuna wa kumuuliza. Asiposhinda, anairudisha dukani.

"Mimi sikumkatalia," Hussaina anasema, macho yake yakiwa kwenye sindano. "Nalimwambia tu, kitu ambacho hukiwezi baada ya miezi minane, kiache. Mbona kushona alijua kwa mitatu?"

Zahabiya naye hafichi kinachomuuma. "Miaka yote hii nashona nguo za watu waende harusini kwao," anasema. "Saa hii ndiyo yangu. Sina nyingine."

Ilianza na mito. Miezi minane iliyopita Nekesa alichoka kusikia wateja wakilalamika kwamba viti vyake vinaumiza, akaagiza mito kumi na miwili ya kukalia. Zahabiya aliishona, akaipeleka mwenyewe, na akaona si vibaya kujaribu mmoja kabla ya kuondoka. Nekesa akampa pedi, kwa utani tu.

Alidumu sekunde tisa.

"Nalitoka pale nimekasirika," anakumbuka, na hasira yenyewe bado iko shingoni. "Mimi, mtu mzima, nimepigwa na mtu asiyekuwako. Usiku mzima nawaza, lile teke lalitoka wapi? Kesho yake nikarudi kuliuliza."

Nekesa, mzaliwa wa kisiwa hiki na binti wa mfanyakazi wa reli, amewaona wanaoanza wengi. Wengi, anasema, hubonyeza kila kitu kwa pamoja kama mtu anayeua mende, wakishinda kwa bahati wanavimba kichwa, wakishindwa wanasema pedi ni mbovu. Zahabiya alibonyeza kama wao, lakini hakuilaumu pedi hata siku moja. Aliuliza alikosea wapi, akatoa penseli.

Somo la kwanza lilikuwa gumu kumeza. Kwa siku kumi Nekesa alimkataza kupiga. Asirushe hata ngumi moja, ajikinge tu, aangalie mapigo yanatoka wapi. Siku kumi mwanamke huyu alilipa shilingi mia kwa saa ili apigwe.

"Watu walimwonea huruma," Nekesa anasema. "Mimi nilikuwa naangalia macho yake. Siku ya saba aliacha kufumba."

Hapo ndipo daftari lilipogeuka. Ukilifungua kwa mbele, ni vipimo vya wateja: bega, mkono, urefu. Ukiligeuza chini juu na kulifungua kwa nyuma, ni vipimo vya wapinzani, kwa mwandiko ule ule safi. Huyu hupenda kuruka. Yule akitishwa hurudi nyuma. Ukurasa wa Owais, kijana anayetengeneza simu, ambaye mpiganaji wake ni pandikizi la mtu lenye shoka na ambaye amemshinda Zahabiya mara thelathini na moja, una mstari uliopigiwa chini mara mbili: "Akipigwa mara tatu hungoja ya nne, ndipo hujibu kwa shoka."

Kufikia mwezi wake wa tano kitini alikuwa amepiga hatua ya kuonekana. Anajikinga vizuri, anajua pigo lipi linafuata lipi, na wageni wanaopanda ngazi zile kwa mara ya kwanza wanashuka wamenyamaza. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Alikaa naye kitini Jumatano hii akidhani atamwachia raundi moja ya heshima. Alidumu sekunde kumi na nane, na sasa jina lake limo daftarini.

Lakini wazoefu waliendelea kumla. Alijua kila walichofanya, kwa maandishi kabisa, na bado walimla. Alifika mahali pa kulia chooni, na anasema hivyo bila aibu.

Aliyegundua ugonjwa ni Nekesa. Mchana mmoja alikigeuza kiti chake, akaipa skrini mgongo, akamwambia Zahabiya apigane na Owais kama kawaida. Kisha, bila kuona chochote, akaanza kusema: sasa. Sasa. Sasa. Kila aliposema, Bi Fimbo alipiga. Hakukosea hata mara moja katika raundi nzima.

Zahabiya akaiweka pedi mapajani. Mwili ulimsisimka, anasema, kama aliyeona mtu anasoma barua yake.

Kumbe alikuwa anapiga kama anavyoshona. Fundi mzuri wa rida ni yule ambaye mishono yake huwezi kuitofautisha, wa kwanza na wa elfu ni ndugu. Zahabiya alifundishwa hivyo akiwa na miaka kumi na tatu na Hussaina huyu huyu, aliyekuwa akigonga subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, juu ya meza, tak, tak, tak, mpaka mkono wa mdogo wake ukaingia kwenye mwendo huo na usitoke tena. Miaka thelathini na mitatu ya sifa dukani ikawa aibu kwenye skrini. Owais hakuhitaji kumtazama. Alihitaji kuhesabu tu.

"Nikajaribu kuvuruga," anasimulia. "Nikaambia mkono, leo piga ovyo. Wapi. Mkono haujui ovyo. Naurusha huku, warudi kule kule."

Mwezi mzima alihangaika. Mashindano ya nne yakapita, akatolewa na Owais. Ndipo Hussaina alipotoa sharti lake.

Dawa ilipatikana dukani, mchana ambao Zahabiya hakutoka. Mto mmoja wa Nekesa ulikuwa umechanika, akawa anashona mwingine. Alipofika pembeni mwa kitambaa alifanya kile ambacho kila fundi hufanya bila kufikiri: akaisimamisha mashine sindano ikiwa ndani ya kitambaa, akainua mguu wake, akageuza kitambaa, akaushusha mguu, akaendelea. Akatulia. Akautazama mto.

Mkono wake haukujua ovyo, lakini ulijua pembe. Mto una pembe nne, na kwenye kila pembe mwendo hukatika, bila vurugu, kwa sababu kitambaa kimetaka hivyo. Sindano ikiwa ndani hakuna kinachoteleza. Akashuka ngazi za duka na mto ambao haujaisha mkononi, Hussaina akimwita kwa nyuma.

"Aliingia anahema," Nekesa anasema. "Ananiambia, nimepata pembe, nimepata pembe. Nikadhani amepatwa na joto."

Tangu siku hiyo ana wiki tatu za kujifunza kukata pembe: mishono miwili, mitatu, simama, kinga mbele, geuka, endelea. Hajawahi kuifanya mbele ya Owais. Hiyo aliificha, na siri hiyo ilimkalia kifuani kama pipi mdomoni mwa mtoto.

Jumamosi saa nane chumba kimejaa hadi ngazini. Kuna makarani wa bandari, kuna wauza duka, kuna wawili waliokuja kwa gari kutoka Kizingo na viatu vyeupe mno kwa ngazi zile. Nekesa anachomoa vikaratasi vya majina kutoka kwenye kopo la chai. Zahabiya anapangiwa nani? Chumba kizima kinaguna kabla hajamaliza kusoma. Owais.

Kijana anamwangalia kwa huruma ya kweli. "Samahani, anti," anasema. Zahabiya anamjibu kwamba samahani huja baada ya kosa, akae.

Mlangoni pakatokea kusukumana kidogo. Hussaina alikuwa amefunga duka. Katika miaka yote ya duka lile haijawahi kutokea Jumamosi mchana, lakini alikuwa pale, amesimama kati ya vijana, subana bado kidoleni kwa kusahau kuivua. Mtu akampisha kiti nyuma ya mdogo wake. Sharti lilikuwa lake, labda alitaka kuliona likitimia.

Raundi ya kwanza ilikuwa maafa. Zahabiya alimwona dada yake kwa pembe ya jicho, na kila alichojifunza kikaruka dirishani. Tak, tak, tak, mishono sawa kabisa, ya nne ikapokelewa na shoka. Lile pandikizi la mtu ambalo Owais huliongoza lilimwangusha Bi Fimbo chini kwa sekunde ishirini na mbili. Mtu nyuma akasema basi, imekwisha.

Nekesa hakumfundisha chochote hapo, sheria hairuhusu. Alimletea maji tu. Zahabiya akanywa, akafuta viganja kwenye rida, kisha akajisogeza kidogo kitini. Chini yake kulikuwa na mto wake mwenyewe. Alipitisha kidole kwenye pembe yake moja, watu wakaona lakini hawakuelewa.

Raundi ya pili akakata pembe ya kwanza. Mapigo mawili tu, akasimama. Owais, aliyeendelea kuhesabu hadi nne, akajikuta ameinua shoka hewani kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Fimbo ikamwingia mbavuni. Chumba kikaanza kuunguruma. Mapigo matatu, pembe. Pigo moja, pembe. Owais akaanza kurudi nyuma, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya mbele ya fundi huyu. Raundi ikaenda kwa Zahabiya.

Wakawa sare, kila mmoja na raundi yake. Sasa ilikuwa raundi ya mwisho ya mechi aliyoisaka miezi minane, na saa yake ya mchana ilikuwa ndani yake.

Owais si mjinga. Alitulia, akaacha kukimbilia, akapunguza uhai wa Bi Fimbo kidogo kidogo kwa mateke ya mbali. Zahabiya naye akamrudishia. Mistari yote miwili ikafika ukingoni, pigo moja zuri kwa yeyote lingeimaliza kazi. Nyuma yake, bila kujijua, Hussaina alikuwa ameanza kugonga subana kwenye chuma cha kiti kwa wasiwasi. Tak. Tak. Tak.

Zahabiya aliisikia. Anasema angeisikia hata usingizini. Mkono wake ukaanza kuifuata, kama ulivyoifuata tangu utotoni: pigo, pigo, pigo. Owais, aliyerudi kuhesabu, akainua shoka kuipokea ya nne.

Subana ikagonga. Zahabiya hakupiga.

Alisimama sindano ikiwa ndani ya kitambaa, kinga mbele. Shoka likatua kwenye fimbo na kukwama pale, pandikizi zima limeinama, ubavu wazi. Bi Fimbo akageuka na kumkata miguu.

Kelele zilizofuata zilimfanya mwenye duka la viungo apande ngazi kuuliza ni nani aliyeanguka. Glasi ya chai ilimwagika, hakuna aliyejali. Nekesa alikuwa juu ya kiti, msimamizi mzima wa mashindano, amesahau kuandika matokeo. Zahabiya alikuwa ameishikilia pedi kwa mikono miwili kifuani na machozi yanamtiririka hadi kidevuni, anacheka huku analia.

Owais akamgeukia. "Anti, hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye mto ulioukalia," akamjibu.

Furaha hiyo ilidumu dakika ishirini. Mechi ya pili alipangiwa Mutunga, mwendesha winchi wa bandarini, mtu mpole asiyezidisha maneno. Alimtoa kwa raundi mbili kavu, zote kwa pamoja hazikufika dakika moja na nusu, kisha akasimama na kumpa mkono kwa heshima. Zahabiya alirudi kwenye kiti chake hajui hata alichopigwa nacho. Uso wake ulikuwa unang'aa.

Mipango anayo. Mwezi wa Disemba kutakuwa na mashindano ya wazi Nairobi, na msimu wa harusi utakuwa umepoa. Ameshapita Mwembe Tayari kuulizia basi la asubuhi na ameshajua kiti anachokitaka, cha dirishani. Huko anataka mechi mbili. Akizipata, anasema, atarudi kusaka tatu. Nekesa ameapa kwamba siku hiyo atashonewa rida ya kijani na kuivaa kazini, ingawa yeye ni Mkristo na hajui inavaliwaje.

Lakini mchana ule, watu wakiendelea na mechi nyingine, kulikuwa na jambo moja lililobaki kati ya dada wawili. Zahabiya hakuthubutu kugeuka. Alingoja aambiwe kitu kutoka nyuma, hata kwamba wamechelewa.

Hussaina hakumpa hongera. Aliivua subana, akaitia mkobani, akanyoosha mkono.

"Nipe daftari."

Akaligeuza chini juu, akatafuta ukurasa mtupu, akaandika "Mutunga" hapo juu kwa herufi kubwa na kulipigia jina hilo mstari, kama anavyofanya kwa jina la bibi harusi.

"Haya," akasema, penseli tayari. "Huyu yuwaanza na mkono gani?"